Glavu Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi

Mume wangu kasema amechoka kusikia habari za maparachichi. Kama nina la kusema kuhusu kazini niliandike, yeye anataka kula kwa amani. Haya basi, naandika. Daftari ni la binti yetu, aliliacha na kurasa tele alipomaliza shule. Mbele kuna pembetatu zake, mimi naanzia nyuma.

Msimu umefunguliwa leo. Mvua bado, vumbi mpaka kwenye meno. Tumerudi mezani wale wale wanane. Tunaitwa wachambuzi, ila si wale wa mpira kwenye televisheni, wanaolipwa kwa kubishana. Sisi tunda linapita kwenye mkanda, unalichukua, unaligusa shingoni karibu na kikonyo kwa kidole gumba. Gumu linasafiri mbali. La kati linakwenda soko la karibu. Laini linakamuliwa mafuta. Macho hayasaidii, ganda ni kijani kile kile. Likipenya moja laini kwenye boksi la safari, linaivisha wenzake njiani, na boksi zima linafika limekuwa uji.

Na tunda haliumizwi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya meza. Ukilibonyeza kama kengele ya mlango, kesho kuna doa jeusi chini ya ganda. Tangu nianze kazi hii hajatokea mtu wa kuniletea tunda lenye doa la kidole changu, na asithubutu.

Wifi yangu yuko kushoto kwangu kama kawaida. Ni mdogo wa mume wangu, na tunaishi ua mmoja, milango inatazamana. Alipofiwa na mumewe nilimleta hapa mimi. Nilimfunga macho kwa kitambaa, nikamshika mkono, nikamfundisha tunda kwa tunda mpaka akaelewa.

"Wifi, umenenepa," kaniambia leo.

"Mimi niko vile vile, ni sare imesinyaa."

Tumecheka mpaka msimamizi akageuka.

Alhamisi, 6 Machi

Matunda mengi. Mgongo.

Jumatatu, 10 Machi

Makubwa! Imeletwa mashine.

Msimamizi wetu tunamwita Spika, kwa sababu hata akinong'ona anasikika getini. Katukusanya, kamtambulisha mhandisi, msichana mpole mwenye kucha fupi, anayeamkia kila mtu. Mhandisi kafunua sanduku. Ndani kuna mkono wenye vidole vitatu, na juu ya chuma wameuvisha ngozi. Sikutegemea. Ngozi laini, ya vuguvugu, kama sikio la mtoto. Katwambia tuiguse. Nimegusa kwa ncha ya ukucha, na kwenye kioo cha kompyuta nukta ya njano ikawaka pale pale nilipogusa.

"Inahisi?" nimeuliza.

"Inapima, mama. Gumu, laini, baridi, moto. Lakini haijui maana yake. Nyinyi ndio mtaifundisha."

"Na mtu akiifinya, inalia?" kauliza Kicheko, yule anayekaa kulia kwangu, na kicheko chake kikatuambukiza wote.

Spika alipofafanua hilo la kuifundisha hakuna aliyecheka. Kila asubuhi saa nzima tutavaa glavu za ngozi hiyo hiyo, kila mtu na namba yake. Mimi tatu, wifi nne. Tutagusa tunda na kusema jibu kwenye kinasa sauti cha kolani: moja kwa gumu, mbili kwa la kati, tatu kwa laini. Matunda ya somo yanabandikwa namba ya mtu, halafu yanarudi kwenye mkanda yachambuliwe upya.

"Inakuja kuwasaidia, akina mama, si kuwaondoa," kasema Spika.

Maneno hayo hayo aliwaambia wabebaji kabla ya mkanda kuletwa. Wabebaji wako wapi leo?

Jumatano, 12 Machi

Tumekula kiapo, bombani, wakati wa kunawa mikono. Kicheko ndiye aliyeanzisha, na safari hii hakucheka.

"Tukiifundisha hiyo kitu tumemwaga unga wenyewe. Tuidanganye. Likiwa gumu, sema tatu. Likiwa laini, sema moja. Si kila mara, watashtuka. Changanya changanya."

Wote tukaitikia. Wifi peke yake kauliza, "Mbona basi glavu wanatuvisha mkononi?"

"Ulitaka wakuvishe wapi, kichwani?" nimemjibu. Wakaangua kicheko.

"Nauliza tu, wifi."

"Huyu anaogopa," kasema Kicheko.

Tumebebanisha mikono yetu yenye povu, mmoja juu ya mwingine, tukaapa. Ni mimi niliyeongeza kwamba atakayewasaliti wenzake tusimjue tena, hata tukikutana msibani. Lilinitoka vizuri, wote wakasema ndiyo.

Jumatatu, 17 Machi

Somo la kwanza. Glavu ni nyembamba kama utando wa maziwa yaliyochemka, unasahau kama umeivaa. Tunda gumu kabisa, nasema "tatu" kwa sauti ya mhubiri. Laini linalokaribia kumwagika, "moja." Mhandisi anainama anaandika, masikini, hajui anachoandika. Sijawahi kufurahia uongo namna hii.

Na yaliporudi mkandani nimeyachambua kwa haki, hakuna lililoumia. Mashine tunaidanganya, tunda hatulidhulumu. Nilimwambia mume wangu hivyo, akasema nirudi kwenye daftari langu.

Jumanne, 18 Machi

Mvua, hatimaye.

Jumatano, 19 Machi

Mvua.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Kicheko kalishika tunda lililooza waziwazi, kasema "moja." Mhandisi kamkodolea macho. Tumeumwa mbavu kwa kuzuia kicheko.

Alhamisi, 27 Machi

Aibu. Maboksi yamerudishwa kutoka chumba cha baridi. Spika kayapasua maparachichi matatu mbele yetu, na katika kila moja, chini ya ganda, doa la kahawia la kidole gumba. Yote yamebandikwa namba nne.

"Nani huyu anakanda unga mezani kwangu?" kanguruma.

Wifi kaficha mkono chini ya aproni. Mimi ndiye niliyemfundisha, kwa hiyo doa lile lilikuwa langu pia. Njiani, chini ya mwavuli mmoja, nilimuuliza ana nini.

"Najizoeza, wifi."

"Unajizoeza nini, kwa umri huu?"

Kaanza kunijibu, mvua ikazidi, tukakimbia.

Jumatatu, 31 Machi

Mhandisi kamwita wifi pembeni baada ya somo. Kambadilishia glavu.

Jumatano, 2 Aprili

Kamwita tena. Wamesimama karibu na ile mashine wakizungumza wenyewe kwa wenyewe. Wifi katabasamu. Nilipomuuliza walikuwa wanasema nini, kajibu, "Glavu tu." Kwa mkato namna hiyo.

Jumamosi, 5 Aprili

Madoa tena, yote ya wifi. Spika kampa onyo la mwisho. Kicheko kaninong'oneza, "Wifi yako mkono umekufa."

Jumatatu, 14 Aprili

Masomo yamekwisha. Tumepongezana bombani. Hiyo mashine itatofautisha parachichi na jiwe kwa bahati nasibu.

Ijumaa, 25 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Wameusimika ule mkono mwisho wa meza leo, kwa majaribio. Wakubwa wamekuja na viatu vya kung'aa, wakatembea juu ya mbao ili wasikanyage tope. Sisi tumesimama tumefunga mikono nyuma, tumejiandaa kucheka. Kicheko alikwishaziba mdomo kwa ncha ya aproni.

Mkanda ukaanza. Mkono ukachukua tunda la kwanza. Ukaligusa shingoni, ukatulia, ukagusa tena, ukaliweka kwenye boksi la safari. La pili, ukagusa mara moja, ukaachia upesi, ukaliweka kwenye la mafuta. Nilikuwa nalitazama tunda lile. Kwa macho lilikuwa zima kabisa.

Spika kaniita nikahakiki. Nimeingiza mkono kwenye boksi la safari. Gumu. Gumu. Gumu. Nikaenda la mafuta. Laini yote, na moja lilikuwa na ulaini mdogo mno, upande mmoja tu, ambao katika meza nzima ningeuona mimi na labda wifi. Nikatafuta kosa mpaka jasho likanitoka. Nilitaka kusema umekosea. Nilifungua mdomo niseme.

"Sawa," nimesema. Kumbe kwa mkono siwezi kusema uongo, hata nikitaka.

Wakubwa wakapiga makofi. Kicheko alikuwa bado ameshika ncha ya aproni mdomoni, machozi yanamtoka.

Jumanne, 29 Aprili

Bombani hapazungumzwi kitu kingine. Saba tulidanganya. Mashine imejua. Basi mmoja aliifundisha kweli. Nani?

"Nani alikuwa anaitwa pembeni?" kauliza Kicheko. "Nani anacheka na mhandisi? Nani siku ya kiapo alikuwa na maswali?"

Nilisema wifi si mtu wa hivyo. Nilisema polepole, na wote wakasikia nilivyosema polepole. Mwenyewe alikuwa anakuja na taulo begani. Tukampisha, akanawa, akaondoka.

Jumatatu, 5 Mei

Limetangazwa. Mwisho wa msimu meza inafungwa, itakuja mikono mingine miwili. Anabaki mwanamke mmoja wa kupangusa vidole vya mashine, maana ngozi ile ikishika utomvu inapoteza hisia. Spika kasoma jina. Wifi.

Kicheko kanitazama usoni.

Jioni nilimkuta uani anaanika nguo. Kamba ni moja, tumeitumia pamoja miaka yote. Sikusubiri hata salamu.

"Hongera. Umepata kibarua cha kumwosha bwana wako mpya."

"Wifi, ngoja nikwambie..."

"Uniambie nini? Nilikutoa msibani macho mekundu, nikakushika mkono huu, nikakupa kazi mkononi. Leo umeniuza kwa tambara la kupangusia!"

"Sikukuuza. Tazama matunda yangu, wifi. Yale madoa. Tazama kidole."

Kaninyoshea kidole gumba. Ukucha umekuwa mweusi, kimevimba mpaka kwenye fundo. Nikaona anatafuta huruma.

"Hicho kidole kilikushinda kazi, sasa unakifanya cheti?"

"Umemaliza?" kauliza, taratibu.

"Sijamaliza. Tuliapa. Sikujui."

Nikavuta nguo zangu kambani zikiwa mbichi, nikaziingiza ndani. Mume wangu alikuwa mlangoni, kasikia yote.

"Ni dada yangu huyo," kasema.

"Basi kamuulize dada yako."

Jumanne, 6 Mei

Mezani nimehama. Kicheko kakaa kati yetu.

Ijumaa, 9 Mei

Wifi kamsalimu kila mtu bombani. Hakuna aliyeitika.

Jumatano, 14 Mei

Mvua kubwa, maji yameingia uani mpaka kizingitini kwake. Alikuwa anayatoa kwa ndoo peke yake. Mume wangu katoka kumsaidia. Mimi nilikuwa na kazi jikoni. Uongo, sikuwa na kazi yoyote jikoni.

Jumamosi, 17 Mei

Mtu kaweka parachichi lililopondeka kwenye kiatu cha wifi cha kazini. Wamecheka. Nami nimecheka. Kalitoa, kapangusa kiatu, kavaa.

Jumapili, 25 Mei

Wifi kahama. Anakwenda mji mwingine kwa binti yake aliyejifungua. Kazi ya kupangusa kaikataa, kamwambia Spika juzi mbele ya watu. Kicheko anasema ni haya imemshika, kwangu sawa, imshike.

Mume wangu kambebea sanduku mpaka stendi. Kabla ya kuondoka wifi kasimama nje ya mlango wangu. Nilimwona kwenye upenyo wa pazia, na nadhani alijua namwona. Kasema, "Wifi, naondoka." Nikalishika pazia lisicheze. Kasubiri kidogo, kamfuata kaka yake.

Mume wangu karudi amelowa. Kakaa bila kubadilisha shati. Chakula kakiacha.

Jumatatu, 2 Juni

Matunda yanapungua. Mvua pia.

Alhamisi, 12 Juni

Mume wangu sasa anazungumza nami kwa mafungu. "Chumvi." "Funga mlango." Nimemwambia aliyefanya kosa si mimi. Kasema, "Kaandike."

Ijumaa, 27 Juni

Siku ya mwisho ya meza. Tumekabidhi aproni. Kicheko kalia kwa sauti, tukashikana. Nikakumbuka kikombe changu kule ndani, nikarudi.

Mhandisi alikuwa peke yake anapakia glavu kwenye sanduku. Kaniamkia, kavuta kiti nikae. Kasema alikuwa ananitafuta aniage kwa heshima.

"Mama, bila wewe tusingefika. Ule mkono pale, kwa sehemu kubwa, ni wako."

Nimemwambia asinivishe kilemba cha ukoka, mimi sikuufundisha kitu. Na kwa kuwa msimu umekwisha na kazi haipo tena, nikaona niseme tu: tulikuwa tunawadanganya. Moja kwa tatu, tatu kwa moja.

Katabasamu, bila ubaya hata kidogo.

"Tulijua, mama. Wiki ya pili tu tuliona majibu hayalingani na vidole. Tukazima sauti, tukaacha kuwasikiliza kabisa. Vidole vilitosha. Chako kikikuta tunda laini kinaachia hapo hapo, hata kabla hujafungua mdomo. Kikikuta gumu kinarudi mara ya pili. Unaweza kusema unachotaka, kidole hakibadiliki. Wenzako pia ni hivyo hivyo. Glavu saba zote safi."

"Saba," nimesema.

"Namba nne tuliitupa yote. Nilidhani ni mbovu, nikambadilishia yule mama mara mbili. Kumbe glavu nzima. Alikuwa anabonyeza kila tunda kwa nguvu ile ile, gumu, laini, lote sawa. Hakuna cha kujifunza pale. Nilimuuliza kama anaumwa, akatabasamu tu." Kafunga sanduku. "Msimamizi alimwonea huruma. Alisema hana tena mkono wa kuchambua, basi apewe kazi ya kupangusa."

Nimekaa. Nadhani mhandisi aliendelea kuzungumza.

Wanane tuliapa. Saba tuliitunza sheria ya tunda, tukaitupa ya wenzetu, tukidhani tumezitunza zote mbili. Nilijisifu kwamba sijaumiza tunda hata moja! Na yeye niliyemfundisha asiumize, kalazimisha mkono wake uumize, kila asubuhi, mpaka ukucha ukawa mweusi, kapewa onyo mbele yetu, kachekwa, wala hakuacha. Alininyoshea kile kidole. Mtu asiyejua kazi yetu angeweza kusamehewa asielewe. Mimi nilitakiwa nielewe kwa kukitazama tu.

Kikombe nimekisahau tena.

Jumamosi, 28 Juni

Nimewaambia wenzangu. Nimekwenda kwa Kicheko, wengine tukawaita. Kicheko kasikiliza mpaka mwisho, kasema, "Lakini si angesema?"

"Alisema. Mimi ndiye niliyemkatiza."

"Ndiyo yaliyopita hayo," kasema mwingine, akaanza kuzungumzia kibarua cha kiwanda cha sabuni.

Nikamwambia mume wangu pia. Nilidhani atapiga kelele. Kaninyooshea simu yake, namba ya dada yake iko tayari. Iliita, ikapokelewa, nikasikia mtoto mchanga analia.

"Wifi, ni mimi. Nimekosa."

Kambembeleza mtoto kwanza. Kisha, kwa sauti yake ile ile ya siku zote, "Nani mwenzangu?"

"Wifi..."

"Mwambie kaka nimefika salama na mtoto hajambo."

Ikakatwa.

Jumatano, 2 Julai

Nimechukua parachichi sokoni, gumu, nimekaa nalo jikoni. Nilitaka kulibonyeza kama alivyobonyeza yeye. Nimejaribu na kujaribu. Kidole kinafika, kinagusa, kinarudi mara ya pili, kinaachia.

Jumatatu, 7 Julai

Ile kazi aliyoikataa wifi wamenipa mimi. Nimeichukua, mume wangu kibarua chake ni cha kubahatisha na nyumba inataka kula. Kicheko hanisalimu tena. Namwelewa kabisa, yeye yumo kwenye kiapo, na lile la kutojuana ni mimi niliyeliongeza.

Maji ya uvuguvugu, tambara laini, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka utomvu wote utoke. Halafu ngozi inapimwa kabla ya kazi. Unaipa mkono wako, mashine inaushika.

Leo nimeupa mkono. Ikanigusa juu ya kifundo, ikatulia, ikarudi mara ya pili, taratibu, kama inayoogopa kuniumiza. Mguso huo naujua. Ndivyo nilivyomshika wifi siku ya kwanza, alipokuja mezani na macho yake ya msiba, nami nikamwambia asiogope, nipo.

"Imekuumiza, mama?" kauliza mhandisi.

Nimesema hapana, haijaniumiza. Kaandika hivyo.

Mchana nimempigia wifi kwa simu yangu. Imeita mpaka ikajikata.